Pikapu Mpya Inapolia Gia: Somo kwa Wenye Magari wa Mombasa

Hapana sauti imchomayo mwenye gari kama sauti ya meno ya gia yasaganayo ndani ya pikapu ambayo viti vyake havijavuliwa nailoni bado. Gari kuukuu likilia, mwenyewe huguna akapita zake. Lakini gari jipya likilia, mtu hukosa usingizi. Fedha zilizolinunua pengine ni akiba ya miaka kumi, au ni mkopo wa benki utakaodaiwa kila mwisho wa mwezi, gari liwe linakwenda au limesimama juu ya mawe. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtu wa namna hiyo humkimbilia fundi wa kwanza amwonaye, naye fundi akatwaa spana zake, na kabla ya magharibi giaboksi imekwisha shushwa na kufunguliwa juu ya gunia. Mara nyingi hapo ndipo hasara yenyewe ianzapo, maana kosa dogo limezikwa chini ya kosa kubwa, na hati ya dhamana iliyotolewa na muuzaji imegeuka karatasi tupu.

Somo hili laeleza namna giaboksi ifanyavyo kazi, matata yaipatayo pikapu mpya katika kisiwa cha Mombasa, na jinsi mwenye gari awezavyo kupambanua, kabla mtu yeyote hajagusa skrubu, kama kosa liko katika giaboksi, katika klachi, katika oili, au katika mguu wa dereva. Kupambanua huko si elimu ya mafundi peke yao. Muuzaji hulipa kosa la namna moja, na kosa la namna nyingine humwachia mwenye gari.

Kazi ya Giaboksi

Injini ya motokaa haina nguvu ya kutosha izungukapo polepole, na ikilemewa huzimika. Magurudumu nayo yataka kuanza polepole, tena kwa nguvu nyingi. Giaboksi ni mpatanishi wa hawa wawili. Gurudumu dogo lenye meno 20 likilisukuma gurudumu kubwa lenye meno 60, dogo litazunguka mara tatu ndipo kubwa lizunguke mara moja. Mwendo umepungua hata kuwa theluthi, lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu mara tatu, ila kiasi kidogo kipoteacho katika msuguano. Mabaharia wa majahazi waliijua siri hii kabla motokaa haijazaliwa. Foromali nzito ya tanga hupandishwa kwa kamba ipitayo katika makapi. Mabaharia huvuta kamba nyingi, nayo foromali hupanda kidogo tu, lakini watu wachache huinua mzigo ambao wasingeweza kuuinua kwa mikono mitupu. Ndani ya giaboksi, meno hufanya kazi ya kamba.

Katika pikapu nyingi gia ya kwanza hupunguza mwendo kiasi cha mara nne, na difu, iliyo kati ya magurudumu ya nyuma, huupunguza tena kiasi cha mara nne. Basi injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gurudumu la nyuma litazunguka kama mara 125 tu, na gari litakwenda kama kilomita 16 kwa saa, yaani mwendo wa mtu wa baiskeli. Katika gia za juu giaboksi haipunguzi kitu. Gari hupata mbio, na hupoteza nguvu ya kupanda.

Kati ya injini na giaboksi ipo klachi. Hii ni sahani iliyogandishwa bitana ngumu pande zote mbili, nayo hubanwa kwa springi juu ya gurudumu zito la injini. Dereva akikanyaga, sahani huachiliwa na injini huzunguka peke yake. Akiinua mguu, sahani hubanwa tena na nguvu hupita. Gia haziwezi kubadilishwa kwa upole isipokuwa sahani imeachiliwa kabisa. Neno hili “kabisa” lafaa likumbukwe, kwa kuwa ndilo asili ya malalamiko mengi ambayo giaboksi hushitakiwa bure.

Zamani dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na kuukisia mwendo wa injini kwa sikio; madereva wa malori walijivunia sana ufundi huo. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa magari yenye sinkronaiza, yaani pete za shaba zinazoyasugua magurudumu mawili ya meno mpaka yapate mwendo mmoja kabla hayajaumana. Siku hizi pete hizo zimo katika giaboksi za pikapu kwa gia za mbele. Kwa gia ya rivasi, giaboksi nyingi hazina.

Njia Nyembamba za Mji wa Kale

Habari hiyo ya rivasi huandikwa kwa maneno machache katika kitabu cha gari, lakini katika Mji wa Kale ni jambo kubwa. Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita maana yake ni njia kubwa, ilikuwa kubwa kwa waendao kwa miguu, kwa punda na kwa mahamali. Leo pikapu iliyojaa mbao au maji ya chupa huingia katika njia hizo, ikakutana na mkokoteni, na tuktuk, na gari la mtu aliyeingia msikitini kuswali, na dereva hana ila kurudi nyuma, kwenda mbele, na kurudi nyuma tena. Kwa haraka yake hutia rivasi hali gari bado lajongea mbele. Meno hulia, watu walioketi barazani hugeuka kutazama, na jioni habari imekwisha enea kwamba pikapu mpya ya fulani giaboksi yake ni mbovu.

Dawa yake haigharimu hata senti. Gari na lisimame kabisa, klachi ikanyagwe mpaka chini, dereva ahesabu moja mpaka tatu, ndipo atie rivasi. Ikiwa gari limesimama, na meno yangali yakilia hata baada ya kuhesabu, basi sahani ya klachi haiachiliwi kabisa, na hapo kuna kosa la kutafutwa. Jaribio la pili huthibitisha. Injini izimwe, gari lisukumwe kidogo (kwa maana meno yakikabiliana ncha kwa ncha hukataa hata katika gari zima), kisha gia zitiwe moja moja. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, na kukataa injini inapowaka, giaboksi haina hatia. Shauri ni la klachi. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, hapo ndipo mtu aweza kuishuku giaboksi yenyewe, au vyuma viunganishavyo mkono wa gia.

Liko jambo jingine liwapotezalo wenye pikapu mpya. Pikapu nyingi zina fowili, yaani uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, nayo imekusudiwa matope na mchanga. Gari likatapo kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Juu ya mchanga tofauti hiyo hupotea kwa kuteleza kidogo. Juu ya lami haina pa kwenda, na shafti hujipinda kama nguo ikamuliwayo. Mtu atokaye ufukweni kupakia samaki, akasahau kuiondoa fowili, kisha akakata kona karibu na Fort Jesus, ataona gari lagoma na kurukaruka kama punda aliyeumwa na nzi, na mkono wa fowili umekaza hautoki. Wako waliokwenda kwa fundi kwa sababu hiyo. Kwanza na itazamwe taa ya fowili. Kama yawaka, gari lirudishwe nyuma mita chache kwa njia iliyonyooka. Shafti zitajilegeza, na mkono utatoka. Si pikapu zote zenye fowili ya namna hii, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe, wala kisiachwe ndani ya nailoni yake.

Foleni ya Feri

Mombasa ni kisiwa, na kila atakaye kutoka kwa gari hupitia mlango. Upo mlango wa daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 likachukua kazi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Upo wa Makupa. Na upo wa feri ya Likoni. Katika milango hii magari hujipanga na kujongea hatua kwa hatua, na hapo klachi huteswa kuliko mahali popote. Ubaya zaidi uko pale pa kupandia baada ya kutoka ferini, magari ya mbele yanaposimama. Dereva mwenye adabu huvuta breki ya mkono. Dereva mwingine hubalansi, yaani huinua klachi nusu na kukanyaga mafuta kidogo, gari likaning'inia pale pale bila kwenda mbele wala kurudi. Kwa macho ya watu ni ufundi. Lakini ndani yake sahani yasuguliwa na gurudumu la injini maelfu ya mara, yapata moto, nayo bitana yaliwa. Ndiyo ile harufu kali kama ya kucha zilizochomwa ambayo abiria huisikia. Gari lenye tani moja ya mzigo huweza kumaliza klachi kwa miezi michache kwa desturi hiyo moja tu. Na hesabu ya tani hufanywa vibaya: mifuko 20 ya saruji, kila mmoja kilo 50, ni tani moja kamili kabla dereva na tanboi hawajapanda.

Mfano ufuatao ni wa kutungwa, ila wako wenye magari watakaojiona ndani yake. Mtu mmoja wa Mji wa Kale alinunua pikapu mpya ya kuchukulia samaki kutoka soko lililo karibu na Bandari ya Kale mpaka mahoteli ya Diani, ng'ambo ya Likoni. Ilipofika kilomita 9,000, gia ya kwanza na rivasi zilikuwa ngumu mno, na nyakati za mchana pakasikika harufu ya kuungua. Jirani yake, ambaye ni fundi, alimshauri giaboksi ishushwe. Yeye akakataa, akaipeleka pikapu kwa muuzaji, akamkabili msimamizi wa karakana, kijana wa umri wa mwanawe.

“Mmeniuzia giaboksi mbovu,” akasema.

“Huenda ikawa hivyo, ami,” kijana akamjibu. “Lakini kwanza niambie, gari waendesha mwenyewe?”

“Mimi na mwanangu.”

“Mkitoka ferini, magari yakasimama pale pa kupandia, gari hulizuia kwa nini?”

Mzee alinyamaza kidogo. “Mimi kwa breki ya mkono. Mwanangu hubalansi, yuasema gari huwa tayari.”

“Haya. Na gia zilianza lini kuwa ngumu?”

Mzee akatoa mfukoni daftari la hesabu ya samaki. Pembeni mwa kila ukurasa mwanawe alikuwa na desturi ya kuandika kilomita za gari kila asubuhi, na siku ya kumi na moja alikuwa ameandika hivi: kilomita 412, gia ya kwanza ngumu, klachi yashika karibu na sakafu.

“Ukurasa huu, ami, nitakuomba niupige picha,” kijana akasema, na sauti yake ikawa nyingine.

Kisha alifanya vipimo viwili mbele ya mwenyewe. Alizima injini na kutia gia, nazo zikaingia zote bila taabu. Halafu akawasha injini, akavuta breki ya mkono kwa nguvu, akatia gia ya tatu, akainua klachi polepole. Klachi nzima ikifanyiwa hivyo, injini huzimika mara moja. Hii ilisitasita ikizunguka kabla ya kuzimika, dalili kwamba sahani yateleza. Gari lilipopandishwa, ilionekana kwamba silinda ndogo ya chini, ile isukumayo klachi kwa nguvu ya mafuta, yavuja. Basi kosa lilikuwa la namna mbili. Silinda ilibadilishwa bila malipo, kwa kuwa maandishi yalionyesha kwamba kasoro ilikuwako tangu kilomita 412, kabla mtu hajaweza kusema ni uchakavu. Sahani ya klachi mzee aliilipia mwenyewe, wala hakuilipia kwa furaha. Giaboksi haikufunguliwa, maana haikuwa na neno.

Masikio ya Mwenye Gari

Kelele za giaboksi zina lugha yake, na si ngumu kujifunza. Gari likiwa limesimama, injini yawaka, na hakuna gia iliyotiwa, sikiliza. Kama mvumo wasikika mguu ukiwa mbali na klachi, kisha wanyamaza klachi ikanyagwapo, shuku beringi ya shafti iingiayo katika giaboksi. Kama ni kinyume, yaani kimya mguu ukiwa mbali na kelele klachi ikanyagwapo, shuku beringi ya kuachilia klachi, na hiyo haimo ndani ya giaboksi. Kelele isikikayo katika gia moja tu hutokana na meno ya gia hiyo, au pete yake. Kelele iongezekayo kwa mwendo, katika gia zote, pengine si ya giaboksi kabisa bali ni ya difu au ya beringi za magurudumu. Gia irukayo yenyewe, dereva akiachilia mafuta mteremkoni, ni jambo zito zaidi, tena katika gari jipya si la kungojewa hata siku moja. Lipelekwe kwa muuzaji likiwa hivyo hivyo.

Oili na Maji

Oili ya giaboksi si oili ya injini, wala oili zote za gia si moja. Juu ya kopo huandikwa GL-4 au GL-5, na watu hudhani kwamba namba kubwa ni bora. Sivyo. GL-5 imetiwa dawa nyingi za kulinda meno ya difu, ambayo hubanana kwa nguvu sana. Dawa hizo katika giaboksi nyingine hudhuru pete za shaba, au huzifanya ziteleze zishindwe kuyalinganisha meno. Matokeo ni gia kulia wakati wa kubadilishwa, hasa gari likiwa baridi. Gari lililotoka kiwandani likiwa zima laweza kuharibiwa kwa kopo moja, na tena kwa nia njema. Itiwe oili ile tu iliyotajwa katika kitabu cha gari.

Kupima oili ni kazi nyepesi, lakini gari lazima liwe mahali palipo sawa, wala si juu ya jeki upande mmoja. Giaboksi nyingi za mkono hazina kijiti cha kupimia. Ubavuni mna skrubu ya kujazia, na oili yatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu lake. Mtu atakaye kumwaga oili afungue skrubu hii ya juu kwanza, kabla ya ile ya chini. Waliofanya kinyume wamejikuta na giaboksi tupu na skrubu ya juu iliyogoma. Katika muda wa dhamana, kazi hii na iachiwe karakana iliyoidhinishwa, au angalau risiti ya oili ihifadhiwe.

Mombasa ina adui mmoja ambaye bara hawamjui sana, naye ni maji, ya mvua na ya chumvi. Masika hunyesha kwa nguvu mwezi wa Mei, na mvua za vuli nazo zaweza kuzidi, kama zilivyozidi Novemba 2023, barabara zikageuka mito. Giaboksi ina mrija mdogo wa kupumua juu yake. Gari lililokwenda mwendo mrefu lina giaboksi ya moto. Likitumbukia katika maji baridi, hewa iliyo ndani hujikunja, na maji huvutwa kupitia mrija huo na sili. Hali hiyo hiyo huipata pikapu irudishwayo majini kupakia mashua. Siku hiyo gari litakwenda vizuri. Wiki chache baadaye beringi huanza kuimba. Oili iliyoingiwa na maji huwa nyeupe kama chai ya maziwa. Ikionekana hivyo na imwagwe yote siku hiyo hiyo, na difu nayo itazamwe.

Giaboksi za Otomatiki

Pikapu nyingi za sasa hazina klachi ya kukanyaga. Gia hubadilishwa kwa nguvu ya oili na kwa amri ya kompyuta, kwa hiyo fundi asiye na mashine ya kuisoma kompyuta hiyo hubahatisha tu. Hapa oili ni kila kitu, na makampuni makubwa nayo huweza kuikosea. Pikapu za General Motors za Marekani zenye giaboksi ya gia nane, zilizoanza kuuzwa miaka ya 2015 na kuendelea, zililalamikiwa sana na wenyewe kwamba hutetemeka katika mwendo wa kawaida, kana kwamba gari lapita juu ya matuta madogo madogo. Shauri lilifika mahakamani. Mwaka 2019 kampuni iliwaagiza mafundi wake waiondoe oili ya kwanza yote na kutia ya namna nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa ikinywa unyevu. Magari hayo si mengi Mombasa, lakini unyevu upo tele. Mtetemo katika pikapu mpya ya otomatiki usitafsiriwe mara moja kuwa ni vyuma vilivyovunjika. Swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni kama kiwanda kimetoa maagizo mapya juu ya oili au programu ya kompyuta ya gari hilo.

Gari la otomatiki lililoharibika lisivutwe kwa kamba magurudumu yake ya kuendeshea yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, vyuma huzunguka vikavu. Safari ya kuvutwa kutoka Nyali mpaka karakana za mjini yaweza kuua giaboksi iliyokuwa na ugonjwa mdogo. Gari la kubebea na litafutwe, ijapokuwa ni ghali.

Dhamana na Sheria

Hati ya dhamana huhesabu miaka au kilomita, lolote litakalotangulia, na kwa kawaida hutoa nje vitu viliwavyo kwa matumizi, kama bitana za breki na sahani ya klachi. Ndiyo maana mashindano mengi kati ya mwenye gari na muuzaji huwa juu ya neno moja: je, hili ni kosa la kiwanda au ni uchakavu? Giaboksi iliyokwisha funguliwa na mtu wa nje humpa muuzaji jibu rahisi. Hapana dharau hapa kwa mafundi wa jua kali, ambao wengi wao wana mikono hodari kuliko ya wenye sare. Lakini hodari wao haumo katika mkataba.

Lakini neno la mwisho si la hati ya muuzaji peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Iko pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Bei ya pikapu mpya hupita uwezo wa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, lakini gharama ya kutengeneza klachi au giaboksi mara nyingi haifiki hapo.

Wengi mjini husema “gari jipya” wakiwa na maana ya gari lililoshuka juzi Kilindini kutoka Japani, ingawa limetumika huko miaka saba. Serikali huruhusu yasiyozidi miaka minane. Hilo ni jipya kwa mwenyewe tu. Dhamana ya kiwanda kwa kawaida haliji nayo, na oili zake zote zafaa kubadilishwa kabla halijapakizwa gunia moja. Haya yaliyosemwa juu ya dhamana ni kwa magari ambayo hayajapata kuwa na mwenyewe, yawe yameletwa kamili kutoka ng'ambo au yameunganishwa hapa nchini, kama yale yaunganishwayo katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Mombasa.

Mwenye gari aendapo kwa muuzaji asiseme “giaboksi mbovu”. Aseme ni gia ipi, ni kilomita ngapi zilipoonekana dalili, gari likiwa baridi au moto, tupu au na mzigo, na aombe fundi mkuu apande naye gari mpaka dalili hiyo itokee. Lalamiko liandikwe kwa maneno yake mwenyewe katika kadi ya kazi, wala si kwa maneno mafupi ya karani, na nakala aichukue siku ile ile. Akiambiwa, “Gari lote ni sawa, ni kawaida yake,” basi na aombe jibu hilo nalo liandikwe, likiwa na tarehe na sahihi. Kisha, kabla ya kukabidhi ufunguo, aisome mita na kuiandika katika daftari lake.